Karakana ya nyumbani karibu na bahari: vifaa vikae wapi visipotee wala kushika kutu?

"Shikamoo fundi. Nina karakana nyumbani hapa Tanga, kama mita mia sita kutoka baharini. Ni chumba cha mita tatu kwa nne. Nina mashine ya kukereza niliyoinunua mtumba, keekee ya kusimama, grainda ya mezani na jiliwa. Natengeneza bushi, shafti, puli za mashine za kusaga, vipuri vya korona (mashine za kuchakata mkonge) na vitu vidogovidogo vya injini za boti. Vifaa sasa vimezidi chumba. Biti zimejaa kwenye makopo, tepu na dai za kukatia nyuzi ziko kwenye ndoo, chaku ya pili (kile kishikio cha kazi kinachozunguka) na gia za kubadilishia ziko sakafuni. Mwezi uliopita nimenunua tepu ya M8, niliporudi nyumbani nikakuta ninazo mbili. Halafu kila nikifungua droo nakuta kutu, ingawa napaka oili chafu. Seremala anataka laki sita anitengenezee kabati kubwa la mbao la kufunga, lenye sponji ndani ili kila kifaa kiwe na kitanda chake. Mwenzangu anasema huo ni upotevu wa hela, nitundike kila kitu ukutani. Na maikromita (kipimo cha unene) ya marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli, nimeifungia kwenye kisanduku chake lakini nayo imeanza vidoadoa. Nianzie wapi?"

Marahaba, kijana wangu, na Mungu amrehemu mzee wako. Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza ni la kutafuta: vifaa unavyo, lakini saa ya kuvihitaji havionekani, hadi unanunua ulicho nacho. La pili ni la kutu. Seremala amekupa jibu moja kwa yote mawili, nalo ni kabati. Mwenzako naye amekupa jibu moja, ukuta. Hapo wote wawili wamekosea, maana dawa ya kutafuta ni kuweka kifaa wazi karibu na mkono, na dawa ya kutu ni kukificha mbali na hewa. Dawa hizi mbili zinavutana. Kazi yako ni kuamua kifaa kipi kikae wazi na kipi kifichwe, na hilo seremala hawezi kukuamulia. Kwa hiyo laki sita usizitoe mwezi huu.

Nianze na hili la vifaa kuzidi chumba. Mita tatu kwa nne ni mita za mraba 12, na ninawajua mafundi wanaolisha familia kwenye chumba kidogo kuliko hicho. Kinachokutesa ni namna ulivyovigawa: biti na biti kwenye makopo, tepu na tepu kwenye ndoo. Huo ni mpangilio wa duka la vifaa. Mwenye duka anapanga hivyo kwa sababu mteja huja na kusema "nipe biti ya nane". Wewe ukiwa mbele ya mashine una kazi mkononi, mathalani shimo la kukata nyuzi za M8, yaani za boliti ya milimita 8, na kwa kazi hiyo moja unakwenda kwenye kopo, unarudi kwenye ndoo, unafungua droo ya mipini, kisha unaanza kutafuta kopo la oili ya kukatia. Ukichoka unatumia biti iliyo karibu. Hapo ndipo tepu zinapovunjika.

Angalia hesabu yake. Seti ya kawaida ya biti, ile ya kuanzia milimita 1 hadi 13 kwa kuruka nusu milimita, ina biti 25. Nyuzi za M8 za kawaida zina hatua ya milimita 1.25, yaani umbali wa uzi mmoja hadi mwingine, kwa hiyo shimo lake linataka biti ya 6.8. Katika seti hiyo biti ya 6.8 haimo, unatoka 6.5 unaingia 7.0. Ukitoboa kwa 6.5, tepu inabanwa na unaweza kuivunjia ndani ya kazi ya mteja. Ukitoboa kwa 7.0, nyuzi zinabaki na kimo pungufu na boliti haishiki inavyopaswa. M12 vivyo hivyo, inataka 10.2, na M5 inataka 4.2. Biti hizo hununuliwa mojamoja, na kwa kuwa hazina nafasi kwenye kisanduku cha seti, ndizo za kwanza kupotelea kwenye kopo. Sina shaka biti yako ya 6.8, kama unayo, imelala chini kabisa.

Kwa hiyo tengeneza vibao vya kazi. Chukua kipande cha mbao ngumu iliyokauka vizuri, mninga au mvule, urefu wa kiganja. Toboa shimo la biti ya 6.8, mashimo matatu ya tepu za M8, na kijumba cha dai yake. Tepu za mkono huja tatu: aghalabu ya kwanza huwa na mzunguko mmoja uliochongwa shingoni, ya pili ina miwili, ya mwisho haina alama. Zipange kwa utaratibu huo huo, kushoto kwenda kulia. Kibao ukichonge "M8 – 6.8" kwa msumari wa moto, maana karatasi ya kubandika hapo Tanga haimalizi masika. Ukiwa na kibao cha M5, M6, M8, M10 na M12 umemaliza sehemu kubwa ya kazi zako za nyuzi, na kibao unakichukua kizima hadi kwenye kazi na kukirudisha kizima. Tundu likiwa tupu unaliona kabla ya kulala. Hutanunua tepu ya M8 mara ya tatu.

Tabia hiyo hiyo iendelee kwenye mashine. Kila kinachoingia kwenye kichwa cha nyuma cha mashine ya kukereza, yaani senta (ncha ya kuegemezea kazi), chaku ndogo ya biti, biti kubwa zenye mkia wa mshazari na rima (ya kulainisha shimo), kikae pamoja upande huo wa kichwa cha nyuma, kwenye ubao ulioinama, mkia ukiwa ndani ya tundu. Mkia huo wa mshazari unashika kwa kugusana uso kwa uso, chuma kwa chuma. Doa moja la kutu au chembe moja ya chuma ikiingia katikati, biti inakaa upande na shimo linatoka kubwa. Ndiyo maana mikia hii haipaswi kugongana kwenye ndoo hata siku moja.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kabla hujatengeneza kibao chochote, funga ndoano ya ufunguo wa chaku. Iwe mahali unapopafikia bila kupitisha mkono juu ya chaku inayozunguka, na ujizoeze kwamba ufunguo uko mkononi au uko kwenye ndoano, hakuna mahali pa tatu. Katika karakana moja niliyoanzia kazi nikiwa kijana, mwenzetu aliuacha ufunguo kwenye chaku akawasha mashine. Ulipita kando ya sikio lake ukatoboa bati la ukuta. Ndoano ilikuwapo, lakini ilikuwa upande wa pili wa chumba, na kila mtu alikuwa amezoea kuuacha ufunguo popote. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke rafu juu ya kichwa cha mashine, pale juu ya chaku. Nafasi inavutia kwa kuwa iko tupu, lakini mashine inatikisika, vitu vinateleza, na wewe utakuwa unanyoosha mkono juu ya chuma kinachozunguka.

Utajuaje nini kinastahili kuwa karibu na mkono? Usikisie, maana kila fundi anadhani anatumia vifaa vyake vyote. Tafuta kreti mbili. Vifaa vyote vya mkono na vya mashine viweke kwenye kreti ya kwanza, na kila unachokitumia, ukimaliza kukifuta, kiingie kwenye kreti ya pili. Fanya hivyo mwezi mzima. Kama umewahi kulazwa au kumsindikiza mgonjwa kwenye hospitali zetu za serikali, huenda umeyaona maneno matano ukutani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Utaratibu huo umetoka kwenye viwanda vya Japani, na naona waliouleta kwa Kiswahili walifanya vyema kuanza na sasambua. Mwisho wa mwezi kreti ya pili itakuonyesha vifaa vyako vya kweli, na nakuahidi vitakuwa vichache kuliko unavyodhani. Hivyo ndivyo vinavyostahili nafasi ya mkono. Vinavyotumika mara moja kwa miezi viwe hatua mbili tatu kutoka mashine. Vilivyobaki, vile ulivyorithi au ulivyonunua kwa sababu vilikuwa rahisi mnadani, vipake mafuta, vifunge, viende juu au viuzwe.

Tuje kwenye kutu, ambayo kwako ni adui mkubwa kuliko fujo.

Chuma safi kikiwa kwenye hewa kavu hakikusumbui. Unyevu wa hewa ukipita karibu asilimia 60, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa jicho hushika juu ya chuma na kutu huanza kwenda kasi. Pwani unyevu huo unaupita karibu kila usiku. Lakini wewe una jambo la ziada, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi na kuziacha kwenye kila kitu. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe kwa kunywa maji ya hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75. Chumvi ya bahari ina pia magnesiamu kloraidi, na hiyo hunywa maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Maana yake ni kwamba kifaa kilichoguswa na upepo wa bahari, na hakijafutwa, kinabaki na majimaji ya chumvi juu yake mchana na usiku, hata siku ambayo wewe unaiona kavu. Jasho la mkono wako nalo ni maji ya chumvi. Umewahi kuona kutu yenye umbo la kidole juu ya kalipa ya kupimia? Hiyo ni alama ya mtu aliyeirudisha bila kuifuta.

Kuna na umande. Usiku chuma kizito kinapoa. Asubuhi unafungua mlango, hewa ya nje ina nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa ya namna hiyo huanza kuacha maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Kitanda cha mashine yako na chaku zako bado ziko chini ya hapo, basi zinatoa jasho kama chupa ya maji baridi. Watu wengi wanadhani kufungua madirisha asubuhi kunakausha karakana. Kunaweza kuilowesha. Mashine ifunike kwa kitambaa kizito cha pamba, epuka turubai la plastiki linaloweka unyevu chini yake, na uache chuma kipate joto taratibu.

Oili chafu ndiyo makosa niliyoyatarajia, kwa sababu sote tulifundishwa hivyo. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba tindikali za moshi, maji na masizi. Inazuia hewa kwa siku chache, halafu tindikali zake zinaanza kula kile ulichotaka kukilinda. Kwa ngozi yako pia si nzuri, hasa ukiishika kila siku miaka nenda rudi. Mafuta ya nazi au ya kupikia nayo acha, kwa sababu yanaganda na kunata, na uchafu unayafuata. Tumia oili mpya nyepesi, ya haidroliki au ya giaboksi za otomatiki, kitambaa kikiwa na unyevu wake tu. Kwa vitu vya kulala muda mrefu, chukua mafuta ya mgando ya petroli yasiyo na manukato, sehemu moja, na mafuta ya taa sehemu tatu. Yachanganye ndani ya chupa iliyokaa kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, nje, mbali na moto wowote. Ukipaka, mafuta ya taa yanaruka na utando wa mgando unabaki. Ni dawa rahisi na imenifaa miaka mingi. Ila futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukaushe, ndipo upake, maana ukipaka juu ya chumvi umeifungia chumvi ndani.

Na niambie, ndani ya chumba hicho kuna nini kingine? Hukutaja, lakini karakana nyingi za nyumbani zina betri ya gari inayochajiwa pembeni na chupa ya asidi ya kusafishia vyoo au ya kuondolea kutu. Kama unayo asidi hiyo ya haidrokloriki, itoe leo. Mvuke wake hupita hata kwenye kifuniko kilichofungwa, na chupa moja inaweza kushikisha kutu vifaa vya chumba kizima. Betri nayo ikichajiwa hutoa ukungu wa asidi pamoja na gesi inayowaka, na wewe una grainda inayotupa cheche. Grainda yenyewe ihamishie karibu na mlango. Vumbi la jiwe lake ni gumu kuliko kitanda cha mashine yako, na likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia iliyokaa mahali usipoitaka.

Sasa kabati la seremala. Wazo lake la kila kifaa kuwa na kitanda chake ni zuri, na ninaliunga mkono. Ubaya uko kwenye vitu vitatu. Sponji ile ya magodoro hunyonya unyevu na kuushikilia ubavuni mwa chuma, na kwa joto letu baada ya miaka michache inaoza na kuwa unga unaonata. Mbao mbichi hutoa maji na tindikali yake taratibu, na ukiifunga na chuma ndani ya kabati lisilopumua, kutu inakuja bila hata bahari. Kabati kubwa nalo kwa kawaida huja na droo za kina kirefu, na droo ya kina kirefu ni ndoo yenye mpini. Vitu vinapangwa juu ya vitu, cha chini hakionekani, unarudi ulikotoka.

Ukuta wa mwenzako unafaa kwa vitu vya kila siku visivyo na makali wala usahihi: spana, nyundo, koleo, fremu ya msumeno, mipini ya tepu. Vinavyoguswa kila siku vinafutwa kila siku. Chora kivuli cha kila kimoja kwa rangi, ili pengo lionekane. Zile tupa za kukwangulia chuma nazo zitundike ukutani au kwenye reli yenye mianya, kwa sababu tupa ikilala juu ya tupa zinanolewana vibaya na kuwa butu. Lakini kutundika ukutani rima, visu vya kukerezea vilivyonolewa au kalipa, mita mia sita kutoka baharini, hapana.

Ningekuwa mimi, ningemrudia seremala huyo huyo na kumwomba kitu kidogo: kasha la droo sita au saba, kila moja ikiwa na kina cha sentimita 5 tu ndani, la mbao kavu iliyopakwa vanishi pande zote hadi ndani ya droo. Lisimame kwenye miguu, sentimita 10 juu ya sakafu, na liachane kidogo na ukuta. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu, ndiyo maana chaku iliyolala chini huliwa upande wa chini. Badala ya sponji tandika mpira mwembamba au plastiki ngumu isiyonyonya maji, na gawa vyumba kwa vipande vya mbao. Visu vyenye makali kila kimoja kiwe na mfereji wake, au kivalishwe kipande cha mpaipu wa maji, kwa sababu makali yakigusana yanamomonyoka, hasa ya kabaidi, ambayo ni ngumu lakini humeguka upesi. Mwambie pia uzito. Droo ya sentimita 50 kwa 40 yenye kina cha 5 ni lita 10. Chuma kikijaza asilimia 30 tu ya nafasi hiyo, umepata zaidi ya kilo 23. Reli nyepesi za droo za nguo hazitadumu, aweke za kubeba mzigo au atumie mbao ngumu kwenye mbao ngumu zilizosuguliwa nta. Fedha itakayobaki kwenye zile laki sita, nunua hizo biti za 4.2, 6.8 na 10.2, mbilimbili.

Vitu vizito vikae chini, usawa wa goti hadi kiuno, na visiguse sakafu. Chaku ya milimita 200 ina kilo 15 na zaidi, na ukiibeba kutoka rafu ya juu ukiwa na mikono yenye oili, siku moja itashuka kabla yako. Itengenezee kitako cha mbao chenye umbo la nusu duara, ambacho pia unaweza kukiweka juu ya kitanda cha mashine na kuisogeza chaku hadi mahali pake bila kuinyanyua hewani. Taya zake za ziada zifunge pamoja nayo. Zimepigwa namba 1, 2, 3 na zinaingia kwa utaratibu huo, na taya za chaku moja hazishiki sawasawa kwenye nyingine hata zikionekana pacha. Gia za kubadilishia zitundike kwenye nondo moja ndani ya mlango wa kasha, kubwa nyuma na ndogo mbele, idadi ya meno ikiandikwa kwa rangi.

Kuhusu majirani wanaokuja kuazima, najua huwezi kufunga mlango, na mimi sikuambii uufunge. Weka vipande vidogo vya bati vyenye jina, au hata chaki ubaoni. Anayechukua spana anaacha jina lake kwenye kivuli cha spana. Vya kuazima viwe vya ukutani. Vya kwenye droo havitoki nyumbani, na ukisema hivyo mara moja kwa upole, kila mtu ataelewa.

Kuna mambo usiyafanye peke yako kwa kusoma maneno yangu. Kabla ya kutundika mzigo ukutani mwite fundi ujenzi auangalie, maana baadhi ya matofali ya saruji yana uwazi ndani na skrubu haishiki. Wengine huweka balbu ya joto ndani ya kasha la vifaa, na inasaidia kweli: hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85, ukiipandisha hadi nyuzi 32, unyevu wake unashuka hadi karibu 64. Lakini balbu ya wati 25 ikiwaka usiku na mchana inakula yuniti 18 za umeme kwa mwezi, na waya mbovu karibu na mbao na vitambaa vya oili ni moto unaosubiri. Kama utaitaka, fundi umeme mwenye leseni ndiye aifunge. Tena, kama kutu imeingia ndani ya chaku hadi taya zinakwama, au kwenye tundu la mshazari la spindo (mhimili unaozungusha chaku), usiichokonoe kwa msasa. Ipeleke kwa fundi wa karakana kubwa, au uulize chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu nawe au ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kuna watu pale wanaoweza kuishika mkononi na kukuambia kama inaponeka.

Imebaki maikromita ya mzee. Kisanduku chake cha zamani nadhani kina kitambaa ndani, na kitambaa hicho kwa miaka mingi kimekunywa jasho la mikono na hewa ya bahari. Umeifungia pamoja na ugonjwa wake. Itoe. Ifute kwa pamba laini yenye mafuta ya taa kidogo, vidoadoa uvifute kwa kidole chenye oili bila msasa wala siki, na zile nyuso mbili za kupimia uzisafishe kwa kubana karatasi safi katikati na kuivuta taratibu. Paka oili nyepesi sana. Usiihifadhi ikiwa imebanwa. Acha mwanya wa kama nusu milimita, kwa sababu nyuso zikigusana unyevu unanaswa katikati, na joto likipanda chuma kinatanuka na kusukumana. Kisha iweke ndani ya chombo cha plastiki cha chakula chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyonyonya unyevu. Vifuko vikilowa, punje zake zitoe uzikaushe kwa moto mdogo. Jua peke yake hapo Tanga halitoshi, hewa yenyewe ina maji. Kisanduku cha mzee kiache wazi rafuni, mahali unapokiona.

Halafu kabla hujaitumia kwenye kazi ya mteja, ipime kwa kipande cha kupimia chenye ukubwa unaojulikana, maikromita na kipande vikiwa vimekaa chumba kimoja usiku kucha. Chuma cha milimita 100 kikiwa na nyuzi 30 ni kirefu kwa karibu mikroni 12 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kuliko kikiwa na nyuzi 20, ambalo ndilo joto la vipimo duniani kote, basi joto la mkono wako tu linaweza kukudanganya. Ikionyesha kosa lisilorekebishika kwa ufunguo wake mdogo, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina maabara ya vipimo Dar es Salaam. Watakuambia inakosea kiasi gani, na ukishajua hivyo unaweza kuendelea kuitumia.